Kizibo

Mimi kazi yangu ni kukamua watu. Msinikodolee macho, ndivyo wenyewe wanavyoiita na nimechoka kuwasahihisha. Kwenye kitambulisho changu imeandikwa Fundi Mwandamizi wa Kingamwili, lakini mtu akinikuta sokoni ananiuliza, "Bi Kalunde, leo umekamua wangapi?" kana kwamba nafuga ng'ombe. Haya, na iwe hivyo. Katika wote niliowakamua, hakuna aliyemfikia Mwamvua binti Pazi, na ndiye nataka kumsema hapa, maana kuna jambo nimekaa nalo mwaka wa tatu huu, halimezeki wala halitemeki.

Mwamvua ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Mababu zetu walitukanana njia nzima enzi za misafara, na bahari ilipokula Pwani, Wazaramo wakapandishwa mabehewa wakaletwa huku bara, basi matusi yakahamia kwenye foleni ya maji ya mji wetu wa Msisi. Siku ya kwanza alipoingia kituoni kutoa damu alinipima kwa macho kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Ala! Mpagazi wa babu yangu siku hizi anavaa koti jeupe?" akasema. "Nani kakupa ruhusa ya kutua mzigo?"

Watu waliokaa kwenye viti wakashika mbavu. Nikamwambia akae haraka nimtoboe, maana nasikia Mzaramo ukimkamua hatoki damu, hutoka ngoma ya mdundiko. Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo hatukuongea sentensi tatu bila kutusiana, na yeyote kati yetu angekasirika, aibu ingekuwa yake. Utani ndivyo ulivyo. Mtani humwambii "samahani", humwambii "tafadhali", na akikuchukulia kuku wako unamcheka tu.

Kila Jumatatu alikuja kukaa kwenye kiti cha dirishani. Damu ilitoka mkono wa kulia, ikapita kwenye mashine, mashine ikabakisha yale maji ya manjano, na chembe nyekundu zikarudishwa kwake kupitia mkono wa kushoto. Yale maji ndiyo yaliyowaweka hai watoto arobaini na mmoja wa wodi ya kioo, watoto ambao miili yao haikujaliwa kutengeneza kinga yenyewe. Mjukuu wangu Nyanzobe, wa miaka minne, alikuwa kitanda cha kumi na saba. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nalificha.

Mtauliza, na wengi huuliza, kwa nini viwanda visitengeneze hiyo kinga, tukaachana na habari ya kutoboa watu? Vilitengeneza. Tulizika watoto sita kwa dawa ya kiwandani mwaka ule wa kwanza wa homa ya vumbi. Kingamwili ina mikono miwili na mkia. Mikono inamkamata mdudu, sawa, hata ya kiwandani ilimkamata vizuri sana. Lakini kumkamata si kumuua. Juu ya seli zinazokula wadudu kuna vipokezi, na kazi ya kipokezi ni kuushika ule mkia. Kikishaushika, seli inamvuta mdudu ndani na kummaliza. Mkia usiposhikika, kingamwili ni jembe lisilo na mpini. Makali yapo, lakini utalimia nini? Na kwenye mkia kuna visukari vidogo vilivyopangwa kwa namna yake, na mpangilio huo ndio unaoamua kama kipokezi kitashika au kitateleza. Viwanda havikuupata. Mwili wa Mwamvua, ulioiugua homa ile utotoni ukapona wenyewe, uliupata. Pale Msisi walikuwa watatu wa namna yake. Mmoja akafa, mwingine ni mzee ambaye damu yake haikutosha hata vitanda vinne. Akabaki yeye.

Halafu akapata mimba.

*

Mei, wiki za mwisho, kipimo chake cha kinga kilianza kushuka. Kwanza tisini, halafu sabini na tano, halafu hamsini na nane. Nikaigonga mashine ubavuni, nikaisafisha, nikapima tena, ikanipa hamsini na nane ileile.

"Mtani," nikamwambia, "nani anakunyonya? Umeanza kuwauzia wachawi?"

Akajipapasa tumbo, miezi saba na ushee. "Huyu hapa. Si unajua mtoto wa Kizaramo hazaliwi mikono mitupu? Anafungasha kabisa."

Alisema kwa mzaha, na ndivyo ilivyokuwa hasa. Kuna kipokezi kimoja mwilini chenye kazi mbili. Kwenye kuta za mishipa ya damu kinaziokoa kingamwili zisimeng'enywe, kinazirudisha kwenye damu, ndiyo maana zinadumu wiki na wiki. Kwenye kondo la nyuma kipokezi hichohicho kinaushika mkia wa kingamwili ya mama, kinaivusha na kuiachia upande wa pili, kwenye damu ya mtoto. Miezi ya mwanzo kinavusha kidogokidogo. Wiki za mwisho kinavusha bila kupumzika, hata mtoto anazaliwa akiwa na kinga nyingi kumzidi mama yake. Kichanga hana uwezo wa kujitengenezea kinga ya maana kwa miezi kadhaa. Anaishi kwa hiyo aliyofungashiwa. Maziwa yanasaidia tumbo, lakini homa ya vumbi haiingilii tumboni, inaingilia mapafuni na kwenda kwenye damu.

Na upepo wa vumbi ulikuwa unaanza Julai.

Daktari Kaijage, daktari wa wodi ya kioo, aliniita ofisini siku ya pili yake. Ni kijana mwenye adabu, sina la kumsema kwa hilo. Aliinuka, akanisogezea kiti.

"Shikamoo, Bi Kalunde."

"Marahaba, daktari."

Akaweka juu ya meza kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Akaniambia hiki kinaitwa kizibo. Kinakaa kwenye kipokezi cha kondo la nyuma peke yake, kinaziba pale mahali pa kushikia mkia, na cha mishipa hakikigusi. Kingamwili haivuki tena, inabaki kwa mama. Kipimo kingerudi tisini kabla ya Julai.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto tutamchoma kwa sindano akishazaliwa. Nimeshatenga chupa tatu za kinga. Saa ileile anapotoka, anapewa ya kwanza. Kwa hesabu, anapoteza nini?"

"Kwa hesabu hapotezi kitu. Makao makuu wamekiruhusu?"

Akafunga na kufungua kalamu yake. "Watakiruhusu. Barua iko njiani. Bi Kalunde, vumbi halisubiri barua."

Akaigeuza skrini iliyokuwa mezani nikaiona orodha ya wodi. Mbele ya kila jina aliweka tarehe ambayo chupa ingekwisha. Mbele ya namba kumi na saba pameandikwa tarehe tisa Julai. Hakunionyesha kwa kidole wala hakutamka jina. Aliacha tu skrini ikinitazama.

"Lazima aelezwe yote," akasema mwishowe. "Madhara yatajwe kwa lugha anayoielewa, naye akubali kwa sauti yake mwenyewe, kisikizi kikiwa kimewashwa. Nikienda mimi ataogopa. Wewe mtani wake."

Nataka nieleweke. Sikulazimishwa. Ningeweza kusema hapana, ningeweza kumwendea Mwamvua nyumbani, nikae naye jikoni, nimwambie, "Mwenzangu, mambo ni haya na haya, upande huu wako, upande huu wetu, wewe ndiye wa kuchagua." Angekataa. Mwanamke gani asingekataa? Alikuwa ameharibikiwa mimba mbili kabla ya hii. Nami nilijua angekataa, ndiyo maana sikwenda jikoni kwake.

*

Jumatatu alikuja na mumewe, Dihenga, bwana mpole mwenye meno yaliyopishana, fundi wa paneli za jua. Nikawasha kisikizi, kile kidude cha duara kinachokaa mezani na kuwaka njano kinaposikiliza. Kikisikia madhara yametajwa na mtu amekubali, kinawaka kijani na faili linafunguka; maneno yenyewe hakiyatunzi. Kimefundishwa Kiswahili, Kinyamwezi na Kigogo. Utani hakikufundishwa.

Nikakishika kichupa juu kwa vidole viwili ili kila mtu akione.

"Haya, Mzaramo, leo mwisho wako," nikasema kwa sauti ya mnadani. "Hii ni sumu. Nakuziba kondo la nyuma, kinga yako haivuki tena kwenda kwa mtoto, inabaki humu niinywe mimi na ukoo wangu. Mtoto atatoka mtupu kama kuku aliyenyonyolewa. Homa ya vumbi ikimkuta, itamla na mifupa. Anaweza kufa. Unakubali au hukubali?"

Kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwa nimelipanga njia nzima kutoka nyumbani, nikihakikisha hakuna hata moja la uongo.

Mwamvua alicheka mpaka machozi. Dihenga alijishika kwenye mlango. Mama mmoja kiti cha pili akasema, "Jamani, watani nyie mtapelekwa polisi!"

"Ziba, mtani, ziba!" akasema Mwamvua akijipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Nakubali! Mtoto wangu atahitaji nini kinga, na atakuwa na wapagazi kama wewe wa kumbeba juujuu vumbi lisimfikie?"

Kisikizi kikawaka kijani.

Nikamfunga mpira mkononi, nikatafuta mshipa. Pale kicheko chake kikapungua, akakaa kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha motoni. Akaniinamia, sauti chini.

"Lakini hakina ubaya, eti? Kweli kabisa, mtani?"

Aliniuliza kweli. Alitoka kwenye utani, akasimama nje yake, akaningoja. Watani huwa hawafanyi hivyo hovyo. Nami nikamwona, nikajua amesimama wapi, nikabaki ndani ya utani.

"Ubaya gani," nikamwambia, "utakaozidi ule wa kuzaliwa Mzaramo?"

Akanipiga kofi la begani, akacheka, akatulia. Nikamchoma.

*

Kipimo kilirudi tisini na mbili. Sijawahi kuona maji ya manjano mazuri namna ile, mazito, yakitiririka kwenye mfuko kama mafuta ya alizeti. Vumbi likaja tarehe nne Julai, jekundu, likaingia mpaka kwenye unga. Mtaa wa stesheni walikufa watu kumi na wawili wiki moja. Wodi ya kioo hakufa hata mmoja. Nyanzobe wangu alikuwa anagonga kioo na kunitolea ulimi. Nilimwona akila ugali na mlenda, nikafurahi, na sitaki mtu aniambie nisingefurahi.

Mwamvua alijifungua salama mwisho wa mwezi, mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, sauti kama ya muadhini. Nilimshika mimi kabla ya baba yake. Nikaenda moja kwa moja kwenye orodha nichukue chupa yake ya kwanza.

Jina halikuwemo. Nikaliandika. Mashine ya orodha ikalifuta na kunijibu: *Mtoto wa mkingaji. Analindwa na kinga ya mama. Dozi haihitajiki.*

Nikaliandika tena, ikafuta tena.

Tazameni ujinga huo, na tena si wa mashine. Mashine ilifundishwa na watu wenye akili zao, na kilichoandikwa ndio ukweli: katika vichanga wote wa Msisi, mtoto wa Mwamvua ndiye aliyepaswa kuzaliwa na kinga kuliko wote. Angekuwa nayo, kama si mimi. Ili mashine ikubali, ilibidi ijue kuhusu kizibo. Na kwenye faili la Mwamvua kizibo kiliandikwa "dawa ya kuongeza damu", kwa sababu ile barua bado ilikuwa njiani.

Nikamkimbilia Kaijage. "Zile chupa tatu ulizotenga ziko wapi?"

Akakunja uso. "Namba tisa, ishirini na mbili na thelathini walizidiwa Jumamosi. Ningefanyaje? Walikuwa wanakufa mbele yangu."

"Basi fungua faili. Sema kizibo kilitumika. Mtoto aandikwe."

"Nikifungua leo, kesho wanaifunga wodi. Wote arobaini na mmoja, Bi Kalunde. Kibali kinatoka ndani ya siku kumi, nimehakikishiwa. Mtoto haumwi. Nipe siku kumi."

Nikampa. Hakuna aliyenishika mkono; mimi mwenyewe nilikuwa na namba ya siri ya kufungua faili, na nyumbani nilikuwa na simu ya makao makuu. Nilisema moyoni kwamba siku kumi si nyingi.

Siku ya saba walimfanyia mtoto akika, wakamwita Pazi, jina la babu yake. Nilialikwa, mtani hakosi. Nilipofika nilimkuta Mwamvua uani, kwenye upepo, mtoto mkononi bila hata kitambaa usoni, akimwonyesha kwa kila mgeni kama kikombe cha ushindi. Nywele za mtoto zilikuwa zimeshika wekundu wa vumbi.

"Mfunike mtoto!" nikamwambia. "Mwingize ndani!"

"Loo, woga wa kipagazi huo!" akajibu, na wanawake wakacheka. "Huyu ana damu yangu, mtani. Wodi nzima inaishi kwa mabaki yake, yeye mwenyewe itampata nini homa? Kesho nampeleka akawasalimie wenzake pale kwenye kioo."

Alisema kwa fahari iliyomjaa kooni. Miaka saba alikuwa ametoa mkono wake kila Jumatatu, na sasa alikuwa na mtoto wa kujivunia kwa hilo. Nikaletewa sahani ya pilau. Nikala. Nikaongezwa, nikala tena.

Siku ya tisa mtoto alikataa ziwa. Mwamvua akasema ni chango. Akamkanda tumbo, akamnywesha maji ya mvuje, akangoja, kwa sababu homa ya vumbi hata hakuifikiria. Mtu hafikirii moto ndani ya mtungi wa maji. Mwanamke mwingine yeyote wa mtaa ule angeona mwili umechemka akakimbia kituoni saa hiyohiyo. Yeye alikuja kesho yake mchana, akitembea, hana haraka.

Nilimpokea mtoto nikajua kwa kumshika tu. Nikafungua jokofu, nikachukua chupa ya kwanza iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya kitanda cha kumi na saba. Nikasita kidogo, sitawadanganya. Halafu nikaivunja kifuniko nikamchoma mtoto wa Mwamvua kinga ya mama yake mwenyewe, iliyokuwa imekaa kwenye barafu wiki tatu.

Tone la damu yake nililiweka chini ya darubini. Nililipaka rangi inayoonyesha vipokezi. Seli zake zilikuwa nzima kabisa, vipokezi vimetapakaa juu yake, vimefunguka, vinangoja mkia wowote wa kushika, na wadudu wanapita katikati wanavyotaka. Zilikuwa nyingi. Zilikuwa tayari. Hazikuwa na cha kushika, na chupa niliyompa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufika.

Alikufa saa kumi jioni. Dihenga ndiye aliyekuwa amembeba.

*

Nilitamani kutokwenda msibani, lakini hilo haliwezekani. Kwenye msiba wa mtani wako wewe ndiye unayesubiriwa. Wafiwa wana ndugu wa kulia nao. Mtani anakuja kwa kazi nyingine. Anakuja kumtukana maiti, kudai amekufa na kijiko chake, kujilaza njiani jeneza lisipite, mpaka wafiwa wacheke, maana bila kucheka, wazee walisema, msiba haushuki kifuani. Asipokuja, ukoo mzima unakumbuka.

Wanaume walikuwa wamekwisha kwenda kuzika. Wanawake walijaa chumbani na uani, kwenye mikeka. Mwamvua alikaa ameegemea ukuta, kanga kichwani, kifua kimelowa maziwa. Shangazi yake akaninong'oneza mlangoni, "Tangu jana hajalia wala hajasema. Afadhali umekuja. Mfanye atoe sauti, mtani, hata moja."

Wote wakanigeukia. Wengine walishaanza kutabasamu kwa kujiandaa, uso wa kilio na tabasamu pamoja.

Nikakaa sakafuni mbele ya Mwamvua. Nilikuwa nimeamua. Njia nzima nilikuwa nimeamua, na safari hii sikupanga maneno.

"Mwamvua," nikasema. "Mimi ndiye niliyemuua mtoto wako."

Akanyanyua macho.

"Ile dawa niliyokuchoma mwezi wa sita ilikuwa kizibo. Ilizuia kinga yako isivuke kwenda kwake. Nilijua. Mtoto alizaliwa hana kitu mwilini, nami nilijua, nikaja hapa nikala pilau yako nikanyamaza. Kinga yake nilimpa mjukuu wangu."

Shangazi yake akapiga makofi mara moja, "Wee!" na kicheko kikatoka uani, kikaingia chumbani, kikapita mikeka yote. "Mnyamwezi huyu!" "Eti kala pilau!" "Mfungeni kamba, muuaji huyo!" Mama mmoja aliniinukia na mwiko akijifanya ananikamata, akaniburuta koti, wenzake wakamshangilia.

"Sitanii," nikasema. "Jamani, sikilizeni, sitanii!"

Ndipo walipocheka zaidi, maana mtani mzuri ndivyo anavyofanya, anakaza uso hivyohivyo na kuapa.

Na Mwamvua akacheka. Kilianza kama mtu aliyepaliwa, mabega yakatikisika, akajiziba mdomo na kanga, halafu kikapasuka, na ndani yake kikatoka kilio chote alichokuwa amekifunga, akajitupa kifuani kwangu akiwa analia na kucheka. Shangazi akainua mikono juu, akasema alhamdulillah. Nikamshika. Alikuwa anachemka mwili mzima kwa kilio, na maziwa yake yakalowesha koti langu.

"Mtani wangu wee," akasema alipopata pumzi. "Mungu akuweke. Wote hawa wananiambia nisubiri, nishukuru, ni mapenzi ya Mungu. Wewe peke yako umenipa mtu wa kumlaumu, hata kwa uongo." Akajipangusa pua. "Roho yako mbaya, lakini Mungu akuweke."

Ningeweza kumshika uso kwa mikono miwili, nikamwita kwa jina la baba yake, nikarudia mpaka aamini. Ningeweza kwenda kuchukua faili nikamwekea mapajani. Alikuwa ametulia begani kwangu, anapumua taratibu kwa mara ya kwanza tangu jana, na huko wodini kulikuwa na chupa za siku kumi na moja tu.

"Wale watoto," akasema, bado kichwa chake begani kwangu. "Vumbi halijaisha. Sitaki mwenzangu mwingine akae nilipokaa mimi. Jumatatu nije saa ngapi?"

Wanawake walikuwa bado wanacheka uani, mmoja akiigiza namna nilivyokaza uso.

"Saa mbili," nikamwambia. "Njoo umekula."